Raga Iliyosikika Mlangoni

Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo lililowaacha wote midomo wazi.

Fidla mbili zilikuwa mahali pake. Viola ilikuwa mahali pake. Selo ya Bwana Friji, fidla ile kubwa ya sauti nzito, ilikuwa imetulia chini kama maji ya mtungini, na juu yake filimbi ya mwanzi ya Mzee Miwani ilikuwa ikitembea pole pole, kama mtu anayeingia katika nyumba aliyoihama siku nyingi na bado anakumbuka kizingiti kilipo. Mama Noti, aliyeutunga muziki huo, alikuwa ameketi kando na filimbi yake ya chuma mapajani, pumzi ameibana. Ndipo filimbi ya mzee ikakatika. Haikufifia. Ilikatika kama uzi kati ya meno.

Mzee aliitoa mdomoni, akaitazama kana kwamba ameiokota njiani, kisha akamgeukia Mama Noti.

"Umenifanyia nini?"

Hakungoja jibu. Aliilaza filimbi juu ya dawati la watoto, akainuka kutoka kwenye mkeka wake, akatoka nje na soksi. Viatu vyake vilibaki pale pale alipovivua, kimoja kimesimama, kingine kimelala ubavu.

"Ni mimi?" akauliza daktari wa meno, aliyekuwa akipiga fidla ya kwanza. "Semeni kweli, ni mimi niliyeteleza?"

"Wewe unateleza kila tukikutana, na hajawahi kukimbia mtu," akajibu Bwana Friji. Huyu alikuwa fundi wa majokofu, mwenye mikono mikubwa hata selo ikionekana kama mtoto aliyempakata. "Labda ni mimi. Lakini mimi nilishika noti moja tu! Noti moja, jamani, mtu anaikosea vipi?"

Mama Noti hakusikia mzaha huo. Alikwenda akavichukua vile viatu, akasimama navyo mkononi katikati ya chumba, asijue kama avipeleke au avirudishe chini.

Jina la Mama Noti alipewa na watoto wa shule hiyo walimokuwa wakifanya mazoezi, kwa sababu alikuwa akiwafundisha muziki, na wazazi wao wakalipenda kwa sababu noti za aina ile nyingine hakuwa nazo. Asubuhi aliwaimbisha do re mi katika chumba hicho hicho, madawati mafupi, ubao wenye mistari mitano iliyochorwa kwa rangi isiyofutika. Jioni za mwisho wa juma chumba kiligeuka cha watu wazima waliobeba vyombo vyao kutoka kazini, wakabanana kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni.

Yeye alikulia katika muziki wa karatasi, muziki wa Kizungu, ambao huanza nyumbani, hutoka, hupita kwa jirani, huenda mbali kidogo, kisha hurudi. Sauti ya chini huhamahama, na sauti ya juu huhama nayo, na hakuna anayeshtuka. Kisha akaolewa katika nyumba yenye filimbi ya namna nyingine.

Baba mkwe wake, huyo Mzee Miwani, alikuwa fundi miwani. Alichonga vioo vya macho katika chumba cha mbele cha nyumba, dirisha likitazama barabara. Ujanani alijifunza ufundi huo kwa bwana mmoja ambaye mchana alimfundisha kusaga kioo, na kazi ikifungwa, alimfundisha filimbi ya mwanzi na raga za Kihindustani. Raga si wimbo, mzee alikuwa akisema. Raga ni njia. Ina sauti zake, si zozote tu; hupanda hivi, hushuka vile, na kila raga ina saa yake, ya alfajiri ni ya alfajiri na ya usiku ni ya usiku. Chini yake huvuma sauti ya nyumbani, sauti ya tambura, chombo cha nyuzi, nayo haihami tangu mwanzo hadi mwisho. Zamani walikaa watu wakaipiga tambura yenyewe. Siku hizi mzee alikuwa na kijisanduku cha umeme, kama mkate kwa ukubwa, ukikiwasha kinavuma chenyewe.

"Muziki wenu," alimtania mkaza mwanawe, "unahamahama kama mpangaji aliyegombana na kila mwenye nyumba."

"Na wenu, Baba, umekaa pale pale kama jiwe la kusagia."

"Jiwe ndilo linalosaga!"

Katikati yao aliketi mwana na mume, fundi umeme, asiyepiga chombo chochote, akicheka. "Mimi kazi yangu kuwasha taa," alikuwa akisema. "Gombaneni mkionana."

Mwana huyo aliugua kifua. Aliugua mpaka nyumba nzima ikajifunza kutembea kwa ncha za vidole. Siku ya mwisho, ambayo hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho, mzee alimwambia Mama Noti aende duka la dawa. Alikwenda, akasubiri, akarudi jua likiwa bado kali. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na taulo limesukumwa chini yake kuzuia vumbi. Ndani filimbi ilikuwa ikilia.

Alisimama ukumbini na kifurushi cha dawa mkononi. Mtu hamkatizi mwenye raga. Hilo alilijua tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Akasikiliza. Do, re, mi, so, la, sauti tano, hakuna ya sita. Hiyo ni Bhupali, akajiambia, raga ya jioni inayoingia, mzee amewahi kidogo tu, raga ya mtu aliyeshiba na kunawa mikono. Akafurahi. Akaegemea ukuta, akafumba macho, akawaza kwamba mumewe ametulia leo. Filimbi iliponyamaza akafungua mlango, na ulimwengu ukamgeukia.

Baada ya mazishi mzee alimpa binti yake filimbi zote, akamwambia azifungie. Hakugusa mwanzi tena. Alisaga vioo, alikula alichopewa, alilala. Nyumba ile, iliyokuwa na muziki wa aina mbili ukigombana, haikubaki na hata mmoja.

Hapo ndipo Mama Noti alipoanza kutunga. Sauti zile tano za ukumbini hazikuwa zimemtoka. Aliziandika kwenye karatasi ya mistari mitano, akazipa fidla za kuzisindikiza, akazipa viola ya kuzifunika mabega, akazipa selo ya kutembea chini yake kwa mtindo wa kwao, hatua kwa hatua, hadi kufika mahali pamoja katikati ambapo vyote vinasimama, kila kimoja juu ya noti moja tu, na filimbi inabaki ikiongea peke yake. Hakumwambia mtu alikoutoa. Alitaka mzee aupige mpaka autambue mwenyewe, ajue kwamba mwanawe aliondoka kwa sauti nzuri, na kwamba kuna mwingine anayeikumbuka.

Ilichukua muda mrefu kumshawishi. "Nitapiga," hatimaye mzee alisema, "ili uache kunizungukazunguka kama nzi." Lakini binti yake alipozirudisha zile filimbi, mzee alizipangusa moja moja kwa kitambaa cha kupangusia vioo, na Mama Noti aliyemwona dirishani alikwenda jikoni akalia.

Sasa ndiye huyo aliyetoka na soksi.

Waliobaki wakazipitia karatasi. Daktari wa meno alizikagua kwa jicho lake la kutafuta tundu, na hakupata tundu. Mama Noti akaufuata mstari wa filimbi kwa kidole: do, re, mi, so, la. Zinapanda inavyopaswa, zinashuka inavyopaswa. Bhupali, safi kama maji.

"Basi mzee ameumwa ghafla," akasema daktari.

"Aliyeumwa haulizi 'umenifanyia nini,'" Bwana Friji akasema, na safari hii hakutania.

Mzee alirudi nyumbani jioni amevaa ndara za kuazima. Mama Noti alimwamkia, aliitikia. Alimwandalia chakula, alikula akitazama ukuta. Alimwekea viatu mlangoni pa chumba, na asubuhi vilikuwa pale pale. Afadhali angefoka. Ukimya wa mtu mpole ni mzito kuliko kelele za mkorofi, kwa maana hujui uushike wapi.

Akaenda kwa wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Alimkuta katikati ya mvuke, shati la mtu limelala mbele yake limekunjua mikono.

"Umeleta nguo," wifi akasema bila kuinua macho, "au umeleta uso tu?"

"Wifi, naomba dakika moja."

"Dakika ninazo. Subira ndiyo sina. Baba alikuja hapa na soksi. Na soksi, wifi! Fundi anayeheshimiwa mtaa mzima anavuka barabara kama mtoto aliyefukuzwa shule."

"Sijui nilichomfanyia."

Wifi akaisimamisha pasi. "Makubwa! Nilidhani unajua filimbi tu, kumbe na maigizo umo."

"Haki ya Mungu sijui."

"Malkauns," wifi akasema. "Umempigisha Malkauns."

Mama Noti alilijua jina hilo. Ni raga ya usiku mkuu, nzito, ya mtu aliyebaki na nafsi yake peke yake. Hakuwahi kuipiga. Akaanza kucheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba kitu asichojua hata kukibeba. "Mimi niliandika Bhupali. Nimekagua noti zote."

"Karatasi zako mimi sizijui. Mimi nimenyonya chini ya mvumo wa tambura. Baba alisimama hapo hapo uliposimama, akanivumia alichokisikia, na ilikuwa Malkauns hata kwa mtu aliyelala. Raga ile ile aliyompigia kaka siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku gani nyingine tunayo?" Sauti ya wifi ikapasuka katikati. "Kaka ndiye aliyeiomba. Baba akamwambia, hii ni ya usiku, mwanangu, saa yake bado. Hajavunja saa ya raga maisha yake yote, wewe unamjua. Kaka akamwambia, 'Baba, usiku sitaufika. Nipigie sasa.'"

Mama Noti akashika ukingo wa meza. Ulikuwa wa moto, na hakuutoa mkono mara moja.

"Sikujua," akasema.

"Kaburi halijakauka ulisema mbele ya watu: 'Alinituma dawa ili nisiwepo. Sitamsamehe.' Tulisikia sote. Tukanyamaza, tukasema ni uchungu huo, utapita. Kumbe ulikuwa unautafutia chombo."

"Nilisema. Lakini wifi, ni nani aliyemuuguza Baba miguu ilipovimba? Nani anamtia dawa ya macho?"

"Ndiyo maana imeuma. Ingekuwa ya adui angeizoea." Wifi akaishika pasi tena. "Nenda. Nitaunguza shati la watu."

Alitembea hadi shuleni, na njia nzima alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayejibizana na asiyeonekana. Haiwezekani. Malkauns haimo. Mtu haandiki raga asiyoijua, kama ambavyo hapiki chakula asichokuwa nacho. Alimpigia simu Bwana Friji, akamwomba aje na selo.

"Nina jokofu la watu liko wazi hapa kama mgonjwa wa upasuaji," alilalamika, lakini akaja, amebeba begi la vifaa upande mmoja na selo upande wa pili, akinuka gesi.

"Kwanza usipige," Mama Noti akamwambia. "Sikiliza."

Akachukua filimbi yake ya chuma, akapiga mstari wa pale katikati, peke yake. Bhupali. Jua linashuka, watu wanarudi nyumbani, hakuna mwenye deni na mwenzake.

"Nzuri," Bwana Friji akasema. "Hiyo mtu analalia."

"Sasa shika noti yako."

Noti yake ilikuwa mi. Akamwomba ashike pia noti ya la juu yake, ile iliyokuwa ya viola. Upinde mpana ukalala juu ya nyuzi, mvumo ukaanza, na Mama Noti akaurudia mstari ule ule, vidole vile vile, pumzi ile ile.

Nywele zikamsimama.

Haikuwa jioni tena. Ilikuwa usiku, na mtu mmoja tu macho. Sauti zile tano, ambazo hakuna hata moja iliyobadilika, zilikuwa zimegeuka zote kwa pamoja na kumwonyesha uso mwingine. Mwenye kujua mashairi atanielewa: chukua beti za harusi, usiguse neno, lakini ubadilishe kibwagizo, na hizo hizo zitakuwa za msiba. Selo ilikuwa imebadilisha kibwagizo. Nyumba ilikuwa do. Bwana Friji, kwa noti yake moja, alikuwa ameihamishia kwenye mi. Kwa mtunzi aliyelelewa na muziki unaohama, hapo palikuwa pituo tu, mahali pa kuvuta pumzi. Lakini kwa mzee ambaye tangu ujana wake nyumba haijahama hata ukucha, palikuwa shimo. Alikuwa akitembea Bhupali, akashusha mguu, akajikuta kando ya kitanda cha mwanawe.

Bwana Friji, asiyejua chochote kuhusu raga, alikuwa ameacha kutabasamu. "Ni nini hiyo?" akanong'ona.

"Ngoja," Mama Noti akasema. "Ngoja kwanza."

Kwa sababu kulikuwa na jambo la pili, nalo lilikuwa likija polepole, na alikuwa akilitazama likija kama mtu anavyotazama glasi ikidondoka. Alikoutoa mstari huu ni ukumbini. Ukumbini, nyuma ya mlango uliofungwa, aliisikia filimbi, tambura hakuisikia. Kile kijisanduku kilikuwa karibu na mto wa mgonjwa, kimepunguzwa sauti kwa ajili ya kichwa chake, na chini ya mlango kulikuwa na taulo. Aliletewa sauti tano zisizo na nyumba, na masikio yake, masikio ya do re mi, yakazijengea nyumba ya kwao. Mchana ule hakuna mtu mwenye akili angewaza raga ya usiku.

Haikuwa Bhupali hata siku ile.

"Kwa hiyo hukukosea?" Bwana Friji akauliza baada ya kuelezwa, uso umemjaa mshangao.

"Nilikosea tangu mlangoni. Selo yako ndiyo imenisahihisha."

"Kaa chini, Mama Noti. Kaa, utaanguka."

Akakaa kwenye kiti cha mtoto.

Alimkuta mzee karakanani, mgongo umeinamia jiwe la kusagia kioo, maji yakidondoka juu yake. Hakulizima.

"Baba, nimekuja kusema jambo."

"Sema."

"Sikujua kwamba ni Malkauns. Nilidhani ni Bhupali."

"Mtu aliyekaa na mimi miaka yote hii hajui tofauti ya jioni na usiku?"

"Sikuisikia tambura, Baba. Nilikuwa nyuma ya mlango."

Jiwe likaendelea kuzunguka, lakini mkono wa mzee uliinuka kutoka kwenye kioo. "Mlango upi?"

"Wa chumba. Siku ile. Nilirudi na dawa, nikakusikia unapiga, nikasema nisikukatize. Nilisimama nje mpaka ukamaliza. Muziki nilioandika ndio huo. Nilitaka kukuletea, nilidhani ni zawadi."

Mzee akalizima jiwe. Lilichukua muda kusimama. Alivua miwani yake, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mdogo, aliyeamshwa vibaya.

"Ulifika wakati gani?" akauliza. "Ulikuta nini?"

"Sijui kusema."

"Imba."

Akaimba. Alianza na alichokikuta: sauti ndefu za chini, zile zinazoifungua raga bila mwendo, zikinyooshwa moja moja. Mzee aliitikia kwa kichwa. "Hapo alikuwa na mimi," akasema. "Alikuwa akitabasamu."

Akaimba iliyofuata, pale filimbi inapopanda na kusita.

"Hapo alinishika goti."

Mama Noti akataka kuacha. Sauti ilikuwa ikimtoka nyembamba kama ya mtoto. Lakini mzee alikuwa akimtazama kwa macho yasiyopepesa, naye akaendelea, akauingia ule mstari wa katikati, mstari wake, alioupenda kuliko yote, ambao ukumbini ulimfanya aegemee ukuta na kufumba macho.

Mzee aligeukia dirisha.

"Na hapa, Baba?"

"Hapo, la," akasema. "Hapo alikuwa ameshakwenda."

Barabarani mtu alipita akiburuta mkokoteni, na magurudumu yalisikika yakija, yakipita, yakienda.

"Ukaendelea kupiga," Mama Noti akasema. Hakuuliza.

"Nilifundishwa raga ikifunguliwa hufungwa." Kisha mzee akatikisa kichwa, akaufuta usemi huo kwa kiganja kama vumbi la kioo. "Uongo. Niliogopa. Nilijua nikiitoa filimbi mdomoni, itakuwa kweli. Basi nikapiga. Nikapiga mpaka pumzi ikaniishia." Kisha lililomjia likamjia hapo hapo, mbele ya macho yake. "Na wewe ulikuwa nje. Unasubiri nimalize."

"Ndiyo, Baba."

"Ningeacha, ungeingia."

Kuna maneno ambayo ukiyajibu unayapigilia msumari. Mama Noti alitaka kumchukia na chuki haikuja. Alitaka kumkumbatia na mikono haikuinuka. Wawili hao, mmoja akiogopa kunyamaza na mwingine akiogopa kukatiza, walikuwa wamemwacha mtu wao akaondoka katikati yao bila wa kumuaga, na adabu yao yote mkononi. Alitoka karakanani, akaketi kitandani kwake, akatazama mikono yake mpaka giza likaificha.

Asubuhi aliwaimbisha watoto kama kawaida. Mchana aliwaambia wenzake kwamba muziki ule haupo tena, wachague mwingine. Daktari wa meno alifungua mdomo kubisha, Bwana Friji akamkanyaga mguu.

Walikutana siku yao, wakaweka karatasi za muziki mwingine, wa mtunzi aliyekufa zamani asiyeweza kumdhuru mtu. Walikuwa hawajafika popote mlango uliposukumwa. Aliingia mzee, amevaa viatu vyake, mgongo umenyooka. Nyuma yake wifi, amekumbatia mkeka na filimbi.

"Mbona mmenitazama kama nimefufuka?" mzee akasema. "Tandika, binti."

"Baba," Mama Noti akasema, "nimeufuta."

"Umefuta karatasi. Hawa wana vichwa." Akaketi. Akamgeukia Bwana Friji. "Wewe mwenye mikono. Ile sauti yako ya katikati, ishike tangu mwanzo. Nyumba iwe pale ilipokuwa. Usihame hata nikikulilia."

"Tangu mwanzo, mzee?"

"Kwani nimesema Kichina?"

Bwana Friji akalaza upinde. Mvumo ukajaa chumba, ukaingia kwenye mbao za madawati. Mzee akafunga macho, akapiga. Mchana kweupe, dirisha limejaa jua, aliifungua raga ya usiku, na safari hii hakuna aliyekuwa nyuma ya mlango. Mama Noti alizisikia zile sauti ndefu, kisha kupanda, kisha kule kusita. Wifi alikuwa amesimama ubaoni, kiganja mdomoni. Ukaja mstari wa katikati. Mzee akavuta pumzi, akauanza.

Akaacha.

Aliishusha filimbi katikati ya mstari, raga ikiwa wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamtazama mkaza mwanawe. Selo iliendelea kuvuma. Wote wakageuka.

Mama Noti hakuwa tayari. Aliinua filimbi ya chuma, ikaikosa midomo, akaitafuta tena, akaingia. Hakuingia vizuri. Sauti ilitetemeka, na alipopanda, kichwa chake cha karatasi kikamtoroka: akagusa ti, sauti ambayo Malkauns haiijui kabisa, iliyokatazwa tangu raga iwe raga. Ikalia wazi chumbani, haina pa kujificha.

Wifi akashtuka kwa sauti. Uso wa mzee ukaruka kama aliyechomwa sindano. Mama Noti aliona, akajua amefanya nini, na akaona pia kwamba akiacha sasa hataweza tena kuingia popote. Akaishika ile ti. Akaishika mpaka ikaacha kuomba radhi. Kisha akaendelea kutoka hapo, kwa njia yake, kwa jirani na mbali kidogo, sauti ya chini ikimngoja bila kusogea, mpaka machozi yakaingia kwenye tundu la filimbi na sauti ikageuka upepo.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Daktari wa meno alijifanya anakaza uzi.

"Hiyo si raga," mzee akasema.

"Najua, Baba."

"Si raga, na wala si huo muziki wenu wa mpangaji."

"Najua."

Mzee alipangusa filimbi yake kwa pindo la shati, akaiweka kando, akasogea kwenye mkeka mpaka pakabaki nafasi ya mtu wa pili.

"Kaa hapa," akasema. "Uirudie, nimsikilize mwanangu."